Usiku nilipolinda faili lililokwisha kufika

Mimi ndiye yule mtu ukimuuliza swali anakujibu, "Umesoma mwongozo?" Kwa hiyo aibu hii ni yangu peke yangu, sina wa kugawana naye.

Nilitaka kuhamisha faili moja la picha, gigabaiti 6, kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya. Flashi niliyokuwa nayo haikutosha, nami nikajitia ufundi: nitatumia netcat, kijiprogramu chenye asili ya mwaka 1995 ambacho ukikiita unaandika herufi mbili tu, nc. Upande mmoja kinasikiliza, upande wa pili kinamimina. Basi.

Kwenye kompyuta mpya nikaandika `nc -l -p 9000`, kama nilivyozoea. Ikanitapikia orodha ndefu ya swichi zake, yaani vile vialama vyenye kistari vya kuiambia ifanye nini; kwa lugha nyingine: hujui unachofanya. Nikafungua mwongozo. Kumbe humu -l (sikiliza) na -p (poti, yaani mlango wa mtandao) haziivi chungu kimoja; namba ya poti inakaa yenyewe. Haya. Nilipokuwa humo humo nikausoma na mfano wa kuhamisha faili, na chini yake sentensi tamu kweli: faili likishahamishwa, muunganisho utajifunga wenyewe.

Saa mbili kamili usiku nikabonyeza Enter pande zote mbili. Kimya. Netcat haina mstari wa kuonyesha imefika asilimia ngapi. Inakuachia kishale kinachopepesa tu. Nikakaa.

Saa nne, kimya. Nikajiambia mtandao umezidiwa, nikapiga marufuku video nyumba nzima. Saa sita nikaibeba kompyuta kuukuu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, nikaisogeza karibu na ruta. Mpwa wangu akapita akielekea kulala.

"Mjomba, bado tu?"

"Taratibu, mjomba. Vitu vikubwa vina mwendo wake."

Nikalala kitini, mkono mmoja kwenye waya wa chaji ili asije mtu akaujikwaa.

Alfajiri yule mtoto akarudi na swali lake lingine: "Kwani limeshafika kiasi gani?" Nikafungua folda nimwonyeshe. Gigabaiti 6, zote. Na saa ya mara ya mwisho faili kuandikwa: 2:11 usiku. Dakika 11! Usiku kucha nilikuwa mlinzi wa mzigo ulioshushwa kabla sijamaliza hata kujinyoosha.

"Kwa hiyo jana ningeweza kuangalia video," akasema. Hakuuliza.

Hata hapo niliogopa kubonyeza Ctrl na C ili kuikatisha netcat, nisije nikalivunja faili. Nikabonyeza nimefumba jicho moja, nikalipitisha faili kwenye sha256sum, programu inayolipa faili alama yake ya kidole, pande zote mbili. Herufi kwa herufi, sawasawa.

Tatizo lilikuwa la adabu. Mtumaji alipofika mwisho wa faili hakusema "nimemaliza". Alinyamaza tu, mlango wazi. Mpokeaji naye, muungwana, hakutaka kumkatiza. Wakatazamana hadi asubuhi kama mgeni aliyeishiwa maneno na mwenyeji asiyeweza kumwambia aondoke.

Nikarudi kwenye mwongozo nikiwa na hasira za mtu ambaye hajalala. Juu kidogo ya ule mfano, katika orodha ya swichi, ipo -N: funga upande wako data ya kutuma ikiisha. Mwongozo ule ule! Aliyeandika orodha na aliyeandika mfano, nadhani, hawasalimiani.

Lilikuwa limebaki faili la pili. Nikaenda kwenye kompyuta kuukuu, kifua mbele, nikaandika amri yangu na -N yake.

Ikanijibu kwamba swichi hiyo haitambui. Jina ni nc, lakini ile ni nc ya ukoo mwingine kabisa. Ya kwake inaitwa -q.

"Mjomba," mpwa akauliza kutoka chumbani, "video ndiyo bado?"