Mchezo Mmoja Hautoshi Maisha Yote

Ukikutana na mtu hapa Tanga haipiti muda atakuuliza we timu gani, ukimjibu Coastal Union, timu ya hapahapa, anarudi tena, "sawa, lakini Simba au Yanga?" na ukishajibu hiyo ndo basi, umeshawekwa kwenye fungu lako na habari ya michezo imeishia hapo. Mimi mpira naupenda, tena toka mdogo, ila kuna kitu kinaniuma. Tumefanya michezo iwe mpira wa miguu peke yake, na mpira wenyewe uwe wa kutazama, na kutazama kwenyewe kuwe kwa timu mbili za Dar. Mtu anaishi mpaka anazeeka na mchezo mmoja ambao hata hauchezi! Nasema hapana jamani. Michezo iko mingi mno, mwili unabadilika, nyumba inabadilika, na mtu mzima ana haki ya kuanza mchezo mpya akiwa na umri wowote, mimi nimepita kwenye kadhaa na kila nilipoingia mpya niliona nimeongezewa maisha.

Wa kwanza kabisa ni rede. Watoto wa kike tuliokulia Ngamiani kwenye zile barabara za namba tunaujua vizuri, wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, wewe uko katikati unakwepa na hapohapo unajaza mchanga kwenye chupa, unataka ijae kabla hujapigwa. Wakubwa walikuwa wanapita wanasema hao watoto wanacheza tu, lakini niambie pale kinakosekana nini: jicho lipo, pumzi ipo, kuinama na kuinuka haraka kupo, kumsoma mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi kupo. Nilipofika sekondari nikaanza mpira wa pete nilikuta nusu ya kazi nimeshafundishwa barabarani.

Na mpira wa pete nautetea popote, maana wanaoudharau wengi hawajawahi kukaa chini wakautazama. Wachezaji saba kila upande, kila mmoja ana herufi kifuani na hiyo herufi ndo inakwambia mwisho wako uwanjani ni wapi, ukivuka tu filimbi. Huudundi mpira ukakimbia nao kama kwenye kikapu, ukiudaka una sekunde 3 tu uwe umeshautoa, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili, GS na GA, tena wakiwa ndani ya duara, na ile pete iko juu mita 3.05 haina ubao nyuma wa kugongeshea. Kwahiyo mchezo mzima ni kufikiri kabla mpira haujakufikia. Mimi nilikuwa GA, na ile raha ya kuiona pasi ya C, mchezaji wa kati, kabla hajaiachia, unamkata beki kwa mbele, unadaka juu, unatua chini umeshajua GS kasimama wapi, wallahi sijapata kitu kingine kinachofanana nayo. Kipindi cha kutafuta timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tulikuwa tunabaki uwanjani mpaka hatuuoni mpira.

Alafu form four ikaisha na pete ikaishia hapohapo. Hili ndo linalonikera kuliko yote. Kijana wa kiume akimaliza shule mpira unamsubiri mtaani, kuna timu ya mtaa, kuna mashindano ya ndondo, akizeeka kidogo kuna maveterani, na hakuna anayemshangaa baba wa watoto wanne akitoka na viatu vyake begani saa kumi jioni. Msichana je? Akimaliza shule kamaliza na michezo. Wenzangu niliocheza nao pete, wasichana waliokuwa wanaruka kweli, wengi wao toka siku ile hawajagusa mpira mpaka leo, na si kwamba walichoka, hakuna aliyewawekea mahali pa kuendelea. Na mimi nilikaa miaka hivyohivyo, ndoa, watoto, biashara, michezo yangu ikawa kutazama.

Kutazama nako sikudharau, kuna elimu yake. Baba alikuwa mtu wa uwanja wa Mkwakwani, mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania nilikuwa mtoto na mpaka leo nakumbuka mtaa ulivyokuwa mwekundu na mweupe, watu wazima wanalia. Mpira ndo ulionipa lugha ya kuongea na baba, maana alikuwa mkimya kwa mengine yote. Lakini msimu wa 2015/16 ukafika, na mtu wa Tanga anajua nataka kusema nini. Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zetu zote tatu, zikashuka daraja kwa pamoja msimu mmoja. Mji mzima haukuwa na timu ligi kuu! Jumamosi zikawa ndefu, watu wanakaa vibarazani hawana cha kubishania. Mimi niliwaza sana kipindi kile, nikasema kwanini furaha yangu yote ya michezo iko kwenye miguu ya watu wengine, miguu yangu mwenyewe ina kazi gani.

Ndo nikaingia jogging. Jirani yangu alikuwa kwenye kikundi, kila Jumapili alfajiri wanatoka na fulana zao za kufanana, nyimbo za mchakamchaka zilezile za shule ya msingi, wanashuka mpaka Raskazone kule baharini wanarudi. Wiki za mwanzo nilikuwa nakimbia kidogo natembea kidogo na hakuna aliyenicheka, kiongozi alikuwa anarudi nyuma makusudi kutuchukua sisi wa mwisho. Mle ndani kuna muuza samaki, kuna mwalimu, kuna nesi, kuna bodaboda, kuna mama mkwe wa mtu na mkwewe. Mtu akifiwa kikundi kinachanga, akijifungua tunakwenda. Nimeishi mji huu toka kuzaliwa na nusu ya watu ninaosalimiana nao leo nimewapata barabarani nikiwa nahema.

Na kukimbia kukanifungulia macho ya riadha. Baba alikuwa anatuhadithia mkimbiaji wetu Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, mita 1500, alivyotoka mbele toka mwanzo hakusubiri mtu mpaka akaweka rekodi ya dunia, na mimi nilikuwa nasikia kama hadithi tu ya wazee. Sasa ndo naelewa kukimbia mbele toka mwanzo kunataka moyo gani, maana hujui nyuma yako kuna nini na hakuna mgongo wa kujifichia. Mwaka jana nilikaa macho usiku wa manane wa tarehe 15 Septemba 2025 kumtazama Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, kilomita 42 na zaidi, alafu yeye na Mjerumani Amanal Petros wanaingia uwanjani wanakabana mpaka mstarini, muda wote wawili umeandikwa sawasawa, 2:09:48, ikabidi picha ndo iamue kuwa Simbu kashinda. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo! Nilipiga kelele nikaamsha nyumba nzima. Ningekuwa sijawahi kukimbia mimi mwenyewe ningefurahia bendera tu, lakini nilikuwa namtazama mabega, namtazama hatua zake za mwisho, najua pale mapaja yanasema nini.

Ngumi nazo zilinijia hivyohivyo kwa mlango wa nyumbani. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, alikwenda Birmingham akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, na wiki ile hakuna kijana mjini ambaye hakuwa anarusha mikono hewani. Mwanangu wa kiume ndo alinikalisha akanionyesha, mama usitazame mikono, tazama miguu, tazama nani anamrudisha nani nyuma. Sitapanda ulingoni, lakini pambano sasa nalisoma.

Sasa nifike kwenye mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa leo, na nimeuanza nimeshapita miaka arobaini. Kuogelea. Mwanamke wa pwani anazaliwa anasikia bahari, anakula samaki, anaolewa na mvuvi, anavuka na mtumbwi kwenda kuzika, na kuogelea hajui. Kaka zetu walijifunza wenyewe kwa kuruka gatini, sisi tukaambiwa tukae na kanga zetu ufukweni tuwaangalizie nguo. Nilipopata dada mmoja anayefundisha wanawake na watoto pale upande wa Raskazone sikujiuliza mara mbili. Suruali ya kubana, blauzi ndefu ya mikono, kilemba kimefungwa vizuri, nikaingia majini na stara yangu yote.

Kitu cha kwanza alichotufundisha hakikuwa mikono wala miguu, kilikuwa kutoa pumzi ndani ya maji. Wengi tukiingia majini tunabana pumzi, kifua kinakaza, alafu tunainua kichwa juu kutafuta hewa, na kichwa kikiinuka miguu inazama, hapo ndo mtu anaanza kupigapiga maji na kuchoka. Ukiweka uso majini ukapuliza polepole, shingo ikalegea, mwili unakuja juu wenyewe, mapafu yana hewa na maji ya chumvi yanabeba kuliko ya bomba. Siku nilipoelea chali bila kushikwa, masikio yamo ndani ya maji nasikia kuvuma tu na juu naona mawingu, nilikaa hivyo mpaka mwalimu akaja kuniuliza kama niko sawa. Niko sawa dada, niache kidogo.

Na kuna raha nyingine sikuitegemea, nimeanza kuijua bahari yangu. Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo darasa letu halina saa ya kudumu, tunafuata mwezi. Kwenye bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa yanakimbia mbali unatembea kwenye matope na mwani mpaka unachoka, lakini yakijaa yanajaa kweli. Kwenye maji mafu hayaendi mbali hayaji juu. Wavuvi wanayajua haya toka utotoni, mimi nimekaa kando ya bahari ileile miaka yote nayajua leo, kwa sababu ya mchezo.

Kuna watu wananiambia ukirukaruka hivi hutaujua hata mmoja vizuri. Labda. Ubingwa ni kazi ya kina Simbu na nawaheshimu sana kwa kutoa maisha yao yote kwenye jambo moja. Sisi wengine tunataka afya, wenzetu wa kucheza nao, na kitu cha kutufanya tuamke na hamu. Na wengine wanasema umri, heshima, watu watasemaje. Wavuvi walitukodolea macho wiki mbili tatu wakazoea, sasa hivi ndo wanatuambia leo msiingie kuna mkondo. Mimi naona halmashauri na shule zetu ziache viwanja wazi jioni kwa akina mama, pete inahitaji nguzo mbili na mpira, haihitaji mabilioni.

Kwa sasa macho yangu yako kwenye bao la kete. Mashimo 32, kete 64, na vibarazani mwetu utawakuta wanaume tupu wamelizunguka toka alasiri. Nimemwomba mzee mmoja wa mtaani anifundishe, akacheka kwa furaha, akaanza kunieleza palepale kwamba kwenye namua, ile hatua ya mwanzo ya mchezo, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hizo za mkononi ndo zinataka akili. Tunaanza wiki ijayo. Kama kuna mwanamke mwingine wa Ngamiani anataka, aje tujifunze wote, maana mzee kasema atatufundisha bure na mimi nahitaji mtu wa kucheza naye akishakwenda msikitini.