Dagaa Hawana Krismasi

Kabla hujawasha taa usiku kwenye Ziwa Tanganyika, elewana kwanza na dagaa. Sisi tulielewana na kila mtu mwingine: mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka aliyetukopesha nyaya, hata bibi mmoja wa pale Kibirizi, ufukoni Kigoma, aliyetaka kujua kama tutarusha pipi. Dagaa hatukuwauliza.

Wazo lilikuwa la Fundi, ambaye hutengeneza redio na kuharibu pasi. Alikuwa ameona kwenye simu watu wa Newport Beach, kule California, wanavyopamba boti zao kwa taa kila Desemba na kuzizungusha bandarini huku umati ukishangilia. Akatusomea na historia yake: jambo lilianza mwaka 1908, boti moja nyembamba iitwayo gondola ikiongoza mitumbwi minane iliyotundikwa taa za karatasi.

"Mitumbwi minane!" akapiga paja. "Hapa Kibirizi mitumbwi minane unaipata chai haijapoa. Tunashindwa nini?"

Hilo swali la "tunashindwa nini" limeponza wanaume wengi mkoani kwetu, na sijawahi kusikia mtu akijitokeza kulijibu.

Boti ilikuwa ya Shekhe. Si shekhe wa msikiti. Tunamwita hivyo kwa sababu hutoa fatwa juu ya kila kitu, kuanzia plagi za injini hadi namna ya kuunga maharage. Ni boti ya mbao aliyoachiwa na marehemu babu yake wa Ujiji. Miaka ya nyuma ilibeba mawese kutoka vijijini, na mpaka leo jua likiwaka mbao zake zinatoa mafuta. Wengine wote siku hizi wanafunga injini. Yeye kang'ang'ania mlingoti na tanga.

"Krismasi si yangu," alituambia, "lakini boti ni yangu. Tunakwenda kwa tanga. Mkitaka injini, katafuteni boti ya Krismasi."

Tukakubali. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, kwa hiyo tanga nikakabidhiwa mimi. Nililishonea vitanzi vya kushikia taa, herufi baada ya herufi, hadi likasomeka HERI YA KRISMASI kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi akaipa kila herufi waya wake peke yake. "Moja ikizima, zilizobaki zinaendelea," alieleza kwa majivuno. Naomba msomaji aihifadhi hiyo sentensi.

Selotepu haikushika popote kwa sababu ya mawese, basi kila kitu tukakifunga kwa kamba. Kuti la mchikichi likasimamishwa mbele liwe mti wa Krismasi. Nyota ya mianzi ikapanda juu ya mlingoti. Ndipo dada mmoja wa kwaya, tunayemwita Alto, akasema bado hakuna theluji.

"Theluji, Kigoma?" nikauliza.

"Kwani hao wa California wanayo?" akanijibu. Hoja yake ilikuwa inanisaidia mimi, lakini aliitamka kwa ukali kiasi kwamba nilishindwa. Akaleta vyandarua vyeupe vilivyochakaa, tukavitundika ubavuni mwa boti pande zote mbili, vikaning'inia hadi karibu na maji. Lazima nikiri vilipendeza. Hata kafi letu la pekee tulilivika taa nyekundu na nyeupe kuanzia mpini hadi kwenye bapa.

Mwalimu ndiye alikuwa Baba Krismasi. Alivaa jaketi la kuokolea, juu yake joho jekundu aliloazima, na ndevu za pamba. Hakuweza kuinama wala kugeuza shingo, kwa hiyo tukamkalisha tezini akielekezwa upande atakaopungia watu mkono.

Mpango ulikuwa boti tatu. Jioni ya mkesha, ya kwanza ilikataa kuwaka. Mwenye ya pili alipata abiria wa Kagunga, nauli ya sikukuu, akaondoka na taa tulizomfungia zikiwaka. Nasikia abiria walizifurahia sana. Tukabaki sisi. Maandamano ya boti moja.

Njia yenyewe ilikuwa fupi: kutoka Kibirizi, kuzunguka kona, kuingia ghuba ya Kigoma, kupita bandarini ambako ndugu na jamaa walikuwa wakisubiri na simu mkononi. Shekhe akapandisha tanga, Fundi akaunganisha betri ya gari, na kwa muda kama wa kusali Baba Yetu tulikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuelea ziwani humu, na siisahau ile meli kongwe, Liemba. Watoto ufukoni walipiga kelele. Bibi wa pipi alipiga vigelegele.

Halafu upepo wa usiku ukaingia kazini. Mtu yeyote wa ziwa anaujua: jua likishazama, milima inapoa, na upepo unateremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi huutumia kutokea. Shekhe naye anaujua, ila alikuwa ametoa fatwa kwamba usiku ule hautavuma. Badala ya kufuata ufuko tukaanza kuelekea Kongo.

"Shusha tanga!" akaamuru. Halikushuka. Nyaya za herufi zilikuwa zimejizungusha kwenye mlingoti.

"Piga kafi!"

Mwalimu alilitazama kafi likimetameta mapajani pake. "Mimi sichovyi umeme majini."

"Volti kumi na mbili haziui," Fundi akamwambia.

"Basi zianze na wewe."

"Nanga!" akapiga kelele Shekhe. Sasa, Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale penye kina kirefu zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na hata karibu na nchi kavu chini huporomoka ghafla. Kamba yetu ilikuwa imefunguliwa asubuhi kutoka shingoni mwa mbuzi wa sikukuu wa kina Alto. Nanga ikazama, kamba ikaifuata, na ncha ya kamba, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga popote, ikatupita miguuni ikaenda nayo. Shekhe akachungulia majini. "Imefika," akasema.

Simu ya Alto ikaita. Mdogo wake alikuwa bandarini. "Dada, mko wapi? Tunaona taa za wavuvi tu."

"Si hiyo ya katikati!"

"Ya katikati ipi? Ziko chungu nzima!"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa hasara yetu. Ulikuwa wakati wa giza, hakuna mbalamwezi, na wakati wa giza kila mvuvi wa dagaa yuko kazini. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri, lakini ni taa zile zile, safu nzima kuanzia kaskazini hadi kusini. Kigoma nzima hulala na kuamka na maandamano ya boti zenye taa. Tulikuwa tumekwenda kuwaonyesha watu kitu wanachokiona kila wanapotoka uani.

"Jamani," akasema Fundi, "maji yanachemka."

Hayakuwa yanachemka. Dagaa wakiona mwanga wanakuja, hiyo ndiyo biashara yote ya uvuvi wa usiku, nasi tulikuwa na mwanga kuliko mtu yeyote. Walikuja wamejaa, wakimeremeta, wakaizunguka boti, wakaingia kwenye theluji ya Alto. Vyandarua vilikuwa vimeshalowa na kuzama, vikavimba pande zote mbili, boti ikaanza kukaa chini. Kisha migebuka wakaja kuwafuata dagaa, wakawa wanaruka na kurusha maji. Maji yakalipata tanga. Herufi ya kwanza ikazima, K. Tukalaani. Ikazima na M.

Nyingine, kama Fundi alivyoahidi, zikaendelea.

Sikulijali jambo hilo mpaka nilipoona taa za wavuvi walio karibu zikizimwa. Moja, nyingine, nyingine. Giza likatuzunguka, tumebaki sisi tu. Kutoka gizani ikaja sauti ya mzee, imejaa adabu:

"Wanangu, injini chukueni. Nyavu chukueni. Watu muwaache."

Ziwa hili limewahi kuwa na majambazi wa kupora injini na nyavu, na hawana utani. Niligeuka kutazama tanga letu. Kwa herufi kubwa, kwa taa za rangi nne, lilikuwa linawatangazia wavuvi wote wa Kigoma: HERI YA RISASI.

"Sisi ni Krismasi!" Alto akapaza sauti.

Kimya. Kisha: "Krismasi gani ina risasi?"

Mwalimu akasimama ajieleze, na lile jaketi chini ya joho, mabega yakiwa mapana kuliko ya mtu wa kawaida, ndevu za pamba zimelowa na kushuka hadi kifuani. Nikasikia boti mbili zikipiga makafi kwa nguvu kuondoka.

Aliyetuokoa ni marehemu. "Subirini," mzee akasema, "hiyo si boti ya mzee wa mawese wa Ujiji? Naisikia harufu."

"Shikamoo, babu!" Shekhe akadakia. "Ni mjukuu wake!"

Basi zikaanza salamu. Sisi Waha hatuna salamu fupi. Tulipiga makofi, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za marehemu, boti ikiendelea kuzama kwa uzito wa dagaa. Alipomaliza ndipo akawasha taa yake, akaona vyandarua.

"Eh! Mnavua kwa chandarua? Si mnajua imekatazwa?"

"Hiyo ni theluji, babu," akasema Alto.

Mzee alitutazama kwa muda mrefu. Alitazama nyota, kuti la mchikichi, Baba Krismasi. Mwisho akatazama majini, na pale nikaona uso wake unabadilika. Miaka yote ya kuvua, sidhani kama aliwahi kuona dagaa wamejazana namna ile.

"Theluji toeni," akasema. "Taa msizime."

Walituletea wavu wao wakautega chini yetu. Usiku kucha hatukuwa tena maandamano, tulikuwa karabai. Tukiamriwa tukae kimya, tunakaa kimya. Alto alijaribu wimbo mmoja aliokuwa ameufanyia mazoezi tangu Novemba, mzee akamsihi: "Mwanangu, ukiendelea hivyo hata migebuka watahamia Kongo."

Alfajiri walituvuta kwa injini hadi Kibirizi. Watu walikuwa wanakwenda kanisani na nguo mpya; sisi tulishuka tukinuka, na ndoo mbili za dagaa kama ujira. Padri mwenyewe alinunua fungu. Mbuzi wa kina Alto, aliyeachwa bila kamba, hakuonekana tena hadi Epifania, kwa hiyo sikukuu kwao ilikuwa dagaa, ugali na lawama.

Fundi alitaka kubomoa taa zote siku hiyo hiyo arudishe nyaya za watu. Shekhe akamkataza. Ameweka betri mbili mpya, na ile R ya KRISMASI iliyokuwa inafifia nimeishonea vitanzi upya. Jana mzee amepiga simu, tukasalimiana kwa muda wake, kisha akauliza: "Giza linaanza wiki ijayo. Ile Risasi yenu mnakodisha kwa usiku, au kwa ndoo?"