Wakikuita HR, usisaini siku hiyohiyo

Nina hasira jamani. Wiki hii dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi kaitwa HR (ofisi inayoshughulikia wafanyakazi) jioni watu wakijiandaa kuondoka, kakuta watatu wamekaa upande mmoja wa meza, kapewa karatasi na kalamu, kaambiwa kampuni ina muundo mpya na nafasi yake haimo, asaini makubaliano ya kuachana kwa hiari sasa hivi, asiposaini atalipwa pungufu. Kafanya kazi pale miaka 14. Hiari gani ya mtu ambaye asubuhi katoka kwake akijua ana kazi?

Sisemi makampuni yasipunguze watu. Biashara ikiyumba imeyumba, na bora wabaki nusu kuliko ofisi ifungwe wote warudi nyumbani, hilo nalikubali hata kama linaniuma. Ninachokataa ni namna wanavyofanya. Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 38 iko wazi, mwajiri atoe taarifa pale tu anapoanza kufikiria kupunguza, atoe maelezo yote yanayohusika, halafu ajadiliane na chama cha wafanyakazi, na kama hakuna chama basi na wafanyakazi wenyewe: sababu ni nini, inaepukika vipi, anayeondoka anachaguliwa kwa kigezo gani, lini, na atalipwaje. Yaani KABLA. Kikao cha kutangaziwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa siyo majadiliano, hata kama mwishoni wanauliza nani ana swali.

Na hiyo karatasi ya hiari ndo mlango wa kukwepea yote hayo. Ukishasaini, kwenye mafaili inasomeka hukupunguzwa, mmekubaliana. Ukija kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kulalamika hukushirikishwa, kitu cha kwanza watakachokiweka mezani ni sahihi yako, halafu ndo uanze kueleza ulivyobanwa, ulivyokuwa unatetemeka, ulivyokuwa unawaza ada ya mtoto. Makubaliano ya kweli yapo, najua, kuna watu wamekaa wakajadiliana wakapata hela nzuri kuliko ya kisheria wakaondoka na amani yao. Lakini makubaliano ya kweli hayamkimbizi mtu.

Kwahiyo nawaomba, usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala, waambie utaisoma na utawajibu kwa maandishi. Wakitaka uthibitishe umeipokea, andika kwa mkono wako "nimepokea, sijakubali", weka tarehe. Wakisema ofa inaisha leo, andika na hilo pembeni, saa ngapi na nani alikuwepo chumbani. Huyo dada alifanya hivyo, na nampongeza, maana kukaa mbele ya watu watatu ukasema hapana siyo kitu rahisi. Ila usilale pia, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30, na siku hizo mtu aliyechanganyikiwa anazimaliza akiwa bado anatafuta namna ya kumwambia mama yake.

Dai na vyako vyote: notisi, likizo ambazo hukwenda, cheti cha utumishi, na kama uliajiriwa mkoa mwingine dai gharama za kukurudisha.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote ni kiinua mgongo chenyewe, yaani malipo ya kuachishwa kazi. Sheria yetu inasema angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Pigeni hesabu. Huyu wa miaka 14 kisheria anaanzia siku 70 za mshahara wa msingi, posho hazimo, ile minne ya mwisho haihesabiwi kabisa, wakati ndo miaka aliyokuwa anajua kazi kuliko mtu yeyote pale ndani na kuwafundisha wageni. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya 2007 inasema angalau siku 15 kwa kila mwaka, haina kikomo cha miaka 10. Mtu huyohuyo angekuwa Nairobi angeanzia siku 210. Watoto wa Dar wanakula kidogo kuliko wa Nairobi? TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) na vyama vyote, kila Mei Mosi tunasimama juani na mabango ya mishahara na tunafanya vizuri, lakini sijui kwanini siku 7 hizi hatuzipigii kelele kwa nguvu ileile. Mei Mosi ijayo nataka kuliona bango lake, na kama hakuna atakayelibeba nitaliandika mwenyewe.