Sanduku lilishindwa kupita

Shangazi yangu aliishi Nyamugo, hapa Kadutu mjini Bukavu, karibu miaka arobaini. Wiki iliyopita tulipomtoa mochwari, sanduku halikufika kwake. Vijana sita walilipandisha mpaka kona ya tatu ya njia yetu, pale ukuta mpya wa matofali unapotazamana na ukuta mwingine mpya. Wakalisimamisha, wakaliinamisha, likakwama. Binamu yangu akasema basi, lirudisheni. Tukamlilia mama yule chini ya bashi, yaani turubai, kando ya barabara, pikipiki zikitupigia honi. Nyumba aliyoijenga mwenyewe haikumuaga.

Tangu siku hiyo sina utulivu, kwa sababu najua kona ile ilivyozibwa. Nilikulia humo. Zamani watu wawili wenye bidoni za lita ishirini walipishana pale bila kugusana.

Hivi ndivyo tunavyojenga. Mtu ana nyumba ya mbao na hana pa kuhamishia watoto. Kwa hiyo anapandisha matofali kwa nje, kuuzunguka ukuta wa mbao, familia ikiendelea kulala ndani. Matofali yakifika juu, mbao zinang'olewa, chumba kinabaki kikubwa kuliko jana. Ule upana ulioongezeka umetoka njiani. Halafu mteremko unadai msingi mpana, na msingi unadai ngazi ya kushukia mlangoni, nayo ngazi inakaa njiani. Jirani wa ng'ambo akiona, naye anasogea, maana anaogopa kubaki peke yake na mbao. Hakuna aliyeiba kitu kikubwa. Kila mmoja alichukua unyayo mmoja, na leo maiti haipiti.

Mgonjwa je? Mama mwenye uchungu usiku anashushwa mgongoni. Moto ukiwaka kiangazi, gari la zimamoto linabaki barabarani nasi tunapeana bidoni mkono kwa mkono.

Najua mtaniambia matofali hayashiki moto kama mbao. Ni kweli, na baba yangu aliunguliwa na nyumba, sihitaji kufundishwa hilo. Lakini mnakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi? Nyumba yetu ya mbao iliyumba ikasimama. Ukuta wa matofali wa jirani ulipasuka kuanzia juu hadi chini, na sisi tulikimbilia kwenye njia ambayo wakati ule bado ilikuwepo. Leo tungekimbilia wapi?



Wengine husema: parsele, yaani kiwanja, ni yangu, nina karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, sisi tumepewa haki ya kuitumia tu. Na hata karatasi iwe halali namna gani, haikukupa njia ya watu. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, anajua nani ataanza kujenga lini, maana mchanga na mawe hupita mbele yake vichwani mwa watu. Aje na kamba kabla ya tofali la kwanza. Upana uwe wa sanduku pamoja na wabebaji wake kushoto na kulia. Siombi barabara ya magari katikati ya Nyamugo, wala sitaki mtu abomolewe. Naomba anayejenga leo aanzie ndani ya mbao zake, si nje.

Ni ghali, najua. Chumba kinapungua, na watoto ni wengi.

Jana binamu yangu alianza kupima nyumba ya marehemu mama yake. Alipigilia vigingi, akafunga kamba, akaitazama muda mrefu. Kisha akang'oa vigingi vyote vya upande wa njia, akavirudisha ndani hatua moja nzima. Jiko litakuwa dogo sana. Mama wa ng'ambo, ambaye msingi wake umekwisha kuchimbwa, alikuwa amesimama mlangoni.

“Papa, na mimi nirudi nyuma?”

“Ndiyo, mama,” binamu akamjibu. “Nitakusaidia kufukia huo mtaro.”