Behewa lililosimama halilipi

Kila SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania, inapotajwa kwenye magrupu yetu ya huku ughaibuni, mjadala huishia kwenye mwendo: Dar hadi Dodoma saa ngapi, viti vikoje, tiketi bei gani. Ni maswali ya abiria. Kwa sisi tunaokaa Nebraska, Marekani, yanachekesha kidogo, maana North Platte, mji wenye yadi kubwa kuliko zote duniani ya kupangia mabehewa, hauna treni hata moja ya abiria. Amtrak, shirika la treni za abiria, hupita kusini zaidi, kwenye njia ya kampuni nyingine ya mizigo, BNSF, mara moja kwa siku kila upande, tena usiku. Kwa hilo Kigoma imeizidi North Platte, wala hakuna ubishi.

Kwenye mizigo ndiko tulikoachwa mbali.

Yadi hiyo inaitwa Bailey na ni mali ya kampuni ya reli ya Union Pacific. Ina urefu wa kilomita 13 hivi na eneo la ekari 2,850. Treni ikiingia inakaguliwa, upepo wa breki unatolewa, kisha kichwa cha treni kinasukuma mabehewa polepole kupanda tuta lililoinuliwa kama nundu ya ng'ombe. Matuta ni mawili: moja lina kimo cha futi 34, jingine 20. Juu ya tuta mfanyakazi anafungua kiungio, na behewa linashuka lenyewe kwa uzito wake. Linapoteremka, vibano vilivyofungwa kando ya reli vinayakaba magurudumu kwa nguvu iliyokadiriwa na kompyuta, kulingana na uzito na kasi. Likikabwa mno linasimama njiani na kuziba njia. Likiachiwa mno linagonga wenzake na shehena inaharibika. Chini kuna njia 114, na kila moja inakusanya mabehewa ya upande mmoja wa safari. Kazi yote hiyo ina shabaha moja: behewa lisilale.

Hilo halikuanza jana. Sheria ya reli hii ya Union Pacific ilisainiwa na Rais Lincoln tarehe 1 Julai 1862, na ujenzi ulizinduliwa Omaha Desemba 1863. Serikali haikutoa mkopo tu. Kwa kila maili ya reli, kampuni ilipewa vipande 20 vya ardhi vya maili moja ya mraba kila kimoja, vikiwa vimepishana na vya serikali kama draftibodi. Tusisahau kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wapawnee na wengineo. Kampuni iliwauzia walowezi, walowezi wakalima, na mazao yao yakawa shehena ya reli ileile. Reli ilifika North Platte mwaka 1866, na Nebraska ikawa jimbo mwaka 1867. Hata hivyo mwaka 1893 kampuni ilifilisika, kwa hiyo anayedai reli ya Marekani ilipata faida tangu siku ya kwanza hajui anachosema.

Sasa chukua mahindi, tulinganishe kwa magunia. Behewa moja la nafaka la hapa hubeba karibu tani 100, yaani magunia 1,000 ya kilo mia. Treni ya mabehewa 110 ni magunia 110,000, na kwa malori ya tani 30 ni zaidi ya malori 360. Treni hiyo haipiti kwenye tuta la Bailey. Inatoka kwenye vihenge ikiwa nzima na kwenda kwa mnunuzi mmoja, California, Texas au Mexico, halafu inarudi tupu ikiwa nzima. Ili mwenye vihenge apate nauli nafuu, kwa kawaida lazima aijaze ndani ya saa 15. Ni dakika nane hivi kwa behewa, vichwa vikiwa bado vimefungwa. Hakuna gunia wala kuli. Bomba linamimina juu, behewa linasogea, na mizani inaandika.

Kwetu, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita Makambako, na NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ina vihenge vya kisasa hapohapo Makambako. Swali la kwanza la mtu wa reli lingekuwa hili: bomba la kihenge linamimina ndani ya behewa au ndani ya lori? Jibu likiwa lori, hata ukinunua vichwa vipya hamsini, mahindi yataendelea kushuka mlima Kitonga kwa matairi.

Najua litakalosemwa: Nebraska ni tambarare. Ni kweli. Bonde la mto Platte lina mteremko mdogo sana, na sisi kwenye TAZARA tuna kipande cha Mlimba hadi Makambako chenye mahandaki, madaraja na maporomoko ya udongo. Treni ya mabehewa 110 tusahau. Lakini mabehewa 20 yanayokwenda na kurudi bila kutenganishwa hayahitaji tambarare, yanahitaji ratiba.

Upana wa reli nao ni mzigo wetu wenyewe. Behewa la Omaha linaingia Kanada na Mexico bila kubadilishwa chochote, kwa sababu njia zote hizo ni milimita 1,435. Dar es Salaam peke yake ina vipimo vitatu: 1,000 ya Mjerumani, 1,067 ya TAZARA, na 1,435 ya SGR. Kidatu, ambako hizo mbili za kwanza zinakutana, mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya milimita 67.

Kuharibika kunaharibika huku pia. Mei 2005, kwenye njia ya makaa ya Wyoming inayolisha Nebraska, treni mbili ziliacha reli siku mbili mfululizo. Vumbi la makaa lilikuwa limejaa kwenye kokoto, mvua ikanyesha, maji yakakosa pa kutokea, na mataruma yakalegea. Kati ya Kilosa na Gulwe, kwenye reli ya kati, ni maji yaleyale, ila yanaleta mchanga wa mto Mkondoa badala ya makaa. Huku walisafisha kokoto, wakaanza kupulizia dawa juu ya shehena ili vumbi lisiruke. Kwetu tuta la reli linajengwa upya palepale lilipobomoka.

Wala mkulima mdogo wa hapa hasifii kila kitu. Baada ya sheria ya mwaka 1980 kulegeza masharti, njia zisizolipa ziling'olewa. Ile ya kaskazini mwa Nebraska, kati ya Norfolk na Chadron, sehemu yake kubwa ilifungwa 1992, na sehemu yake sasa wanapita waendesha baiskeli. Mwenye vihenge asiyeweza kujaza treni nzima analipa zaidi, au anapeleka kwa lori kwa jirani mkubwa.

TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikisha. Sasa kuna mkataba wa miaka 30 na Wachina, Dola bilioni 1.4, na tayari watu wanahesabu vichwa vitakavyokuja. Behewa linalozunguka kwa siku 30 linafanya safari 12 kwa mwaka; likizunguka kwa siku 10 linafanya 36. Kabla ya kuhesabu vichwa, waulizeni hiyo namba ya siku ni ngapi kwenye mkataba, na nani anatozwa ikizidi.