Ana nane kwa mbwa mmoja

Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala Bombay (leo Mumbai, India), ilijua kuweka bei, na mwaka 1832 mbwa koko alikuwa na yake: ana 8, sarafu ndogo ya India, kwa kila aliyeuawa. Rupia moja ilikuwa ana 16, kwa hiyo mbwa wawili ni rupia kamili. Askari wa kawaida wa jeshi la Kampuni alilipwa kama rupia 7 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: mbwa 14 ni mshahara wa mwezi mzima.

Hesabu hiyo naileta makusudi. Kila mtoto anapong'atwa na mbwa katika miji yetu, sauti ya kwanza kupaa ni "waueni wote", na ya pili yake ni "walipwe kwa kichwa, watamalizika upesi". Bombay walilipa kwa kichwa, na mambo yakawaharibikia.

Amri yenyewe ilianzia mwaka 1813. Mbwa wasio na mwenyewe waliuawa katika misimu miwili ya joto, Aprili hadi Mei na tena Septemba hadi Oktoba. Wazungu waliamini kwamba jua kali ndilo linalomtia mbwa wazimu. Si kweli. Kichaa cha mbwa ni kirusi kinachokaa kwenye mate. Kikiingia kwenye kidonda hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, kiangazi au masika. Kwamba mate ndiyo yanayoambukiza lilikwisha kuonyeshwa Ujerumani tangu 1804, ila kanuni za polisi huchelewa kusoma. Mwaka 1832 hakimu wa polisi akaongeza muda wa kuua hadi katikati ya Juni.

Sasa mtazame mtu aliyepewa rungu na ahadi ya ana 8. Mbwa mwenye kichaa anakimbia bila mpango, udenda unamtoka, sauti imebadilika, anang'ata hata mti. Kumfuata ni kuhatarisha roho. Mbwa mzima yuko pale pale kila siku, ukimwita anakuja huku anatikisa mkia. Bei ya wote wawili ni moja. Wewe ungeanza na yupi? Kwa hiyo malipo ya kichwa huanza na mbwa wapole, yaani wale waliozoea watu kwa sababu kuna watu wanaowalisha. Mkali na mgonjwa hubaki mwisho, na mara nyingi habaki peke yake. Bombay malalamiko yalikuwa haya haya: makonstebo waliacha njia wakaanza kuingia nyuani kwa watu kuwatoa mbwa wenye kwao.

Na nani mbwa wake yuko nje? Bwana mkubwa alikuwa na ukuta, lango na mlinzi. Mbwa wake alikuwa na jina na kola. Mtu wa kibarazani hakuwa na lango la kufunga. Mbwa aliyemlindia mkokoteni wake usiku hakuwa na alama yoyote ya kumtofautisha na yule wa jalalani. Kanuni ilisema "mbwa asiye na mwenyewe", ila kwa vitendo ilimaanisha mbwa ambaye mwenyewe hana ukuta.

Kiingereza chenyewe kinalifichua hilo. Mbwa wa mitaani wa India Waingereza walimwita "pariah", neno walilolichota kwenye Kitamili, jina la Waparaiyar, watu wa tabaka la chini waliojulikana kwa kupiga ngoma iitwayo parai. Mbwa akapewa jina la kabwela, wala hakuna aliyeona haya. Tusiwacheke sana. Sisi tuna "chokoraa", kutoka kuchokora, na kinachochokorwa ni takataka. Neno lilipaswa kumfaa mbwa, tukampa mtoto.

Kilichoifanya Bombay ilipuke ni dini. Kwa Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, wafuasi wa nabii Zoroasta, ambao baadaye wengine walifika mpaka Unguja, mbwa ana kazi mazishini. Kabla maiti hajapelekwa kwenye minara ya mazishi, mbwa huletwa amtazame. Ibada hiyo huitwa sagdid. Anayependelewa ni yule mwenye madoa mawili juu ya macho, "mbwa wa macho manne", kwa imani kwamba mtazamo wake humfukuza pepo wa uozo. Mbwa hutengewa pia tonge lake. Ukimwua mbwa mtaani mbele ya Mparsi, humwondolei kero. Unamgusa hadi kaburini.

Tarehe 6 Juni 1832, siku tukufu kwao, kundi la Waparsi liliwavamia makonstebo wawili wa Kizungu waliokuwa kazini. Kesho yake maduka yakafungwa, Wahindu, Wajaini (wa dini ya India inayokataa kuua kiumbe) na Waislamu wakaingia, chakula cha askari kikazuiwa njiani. Jeshi likatoka, umati ukatawanywa, watu wakakamatwa.

Matajiri wa Kiparsi hawakurusha mawe. Walikuwa na biashara na serikali hiyo hiyo. Wao waliandika maombi: mbwa wahamishwe, wasiuawe. Mmoja wao alikuwa Jamsetjee Jejeebhoy, yatima aliyetajirika kwa pamba na kasumba iliyouzwa China. Mwaka 1834 yeye na Amichand Shah wakaanzisha Panjrapole, makazi ya wanyama wasio na pa kwenda, mtaa wa Bhuleshwar. Wazo zuri, na mahali hapo papo hadi leo. Lakini naona ile iliyokuwa ghasia ya mtaani iligeuzwa sadaka ya matajiri. Swali la nani ana haki ya kuwa njiani halikuguswa.

Tuache Juni ya 1832. Makosa yale yana sababu za kitaalamu, na hazijabadilika.

Idadi ya mbwa hufuata chakula, na chakula ni taka. Ua nusu ya mbwa wa soko bila kuondoa utumbo wa samaki na makapi ya mama lishe, uone. Waliobaki wanakula mara mbili. Jike anabeba mimba kama siku 63, na watoto ambao wangekufa njaa sasa wanapona. Mbwa wa mtaa wa pili wanahamia kwenye nafasi iliyo wazi, hawana chanjo, na wanapigana na wenyeji. Mapigano ni kung'atana, na kung'atana ndiyo njia ya kirusi. Juu ya hayo, ukiua ovyo unaua na waliochanjwa, yaani unabomoa ukuta ulioujenga kwa gharama. Na watu wanaopenda mbwa wao huwaficha kwa ndugu wilaya nyingine, pengine na ugonjwa ndani. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia miaka ya 1990, waliua mbwa kwa wingi wa kutisha. Ugonjwa haukuondoka.

Kinachofanya kazi ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Mbona 70? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana. Mwaka ukipita wengi wa waliochanjwa wamekufa na watoto wapya wamezaliwa, kinga inashuka yenyewe. Ukianza na 40 kati ya 100, baada ya miezi michache kinga haitoshi tena.

Siku ya chanjo hukwama kwa mambo madogo. Kituo kikiwa mbali, watu hawaji. Ikipangwa asubuhi ya shule, mbwa hawaji, maana mbwa wanaoletwa huletwa na watoto. Tangazo la kipaza sauti lipite jana yake na asubuhi ile ile. Chanjo ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, si kwenye dirisha la gari. Watoto wa mbwa wachanjwe pia. Kuwarudisha nyumbani ni kuacha pengo pale pale kinga inapovuja. Kila aliyechanjwa apakwe rangi au afungwe utepe, jioni mtu apite mtaani ahesabu wenye alama na wasio nayo. Bila hesabu hiyo, ile 70 ni ya kwenye ripoti tu.

Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, asipake pilipili wala mafuta, aende kituo cha afya siku ile ile. Sindano ni za siku kadhaa. Maskini hukwama katikati: ya kwanza kalipa, ya pili kakopa, ya tatu nauli imeisha. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Na kuna jambo la daftari. Mtoto anafika kituo cha chanjo na mbwa aliyefungwa kipande cha kanga shingoni. Karani anauliza mbwa wa nani. Mtoto anajibu, "Wa hapa hapa." Safu ya mwenye mbwa haina jibu hilo, na karani mvivu humrudisha. Asimrudishe. Aulize nani anamlisha, nani anaweza kumshika bila kung'atwa, kisha aandike jina la huyo, hata kama ni muuza mihogo wa kona, pamoja na mahali anapokaanga. Mwakani atajua pa kumtafuta.