Kinyume cha mjanja si mkweli

Mwaka jana nilimkopesha fedha mtu niliyemwamini, akaahidi kunirudishia baada ya wiki mbili, kisha akabadili namba ya simu na kuhama. Nilipomsimulia rafiki yangu kisa hicho, alinipa pole, akacheka kidogo, akasema, "Amekuzidi ujanja, ndugu yangu." Maneno hayo yalinikera kuliko hasara yenyewe.

Kuzidiwa ujanja ni lugha ya mashindano. Mtangazaji wa mpira huitumia beki anapopigwa chenga, na hapo inafaa kabisa, kwa kuwa wote wawili wameingia uwanjani wakijua kwamba kila mmoja atajaribu kumpita mwenzake. Mimi sikuwa nimeingia shindano lolote, nilikuwa nimekopesha.

Nadhani tatizo ni kwamba katika mazungumzo yetu kinyume cha mjanja si mkweli, bali ni mjinga. Mwongo husutwa na ukweli, na laghai hasifiwi popote, lakini ukimwita mtu mjanja umekwisha kumsifu nusu, na lawama inayobaki humwangukia aliyedanganywa.

Sisemi neno hilo tuliache. Tunasema "sina ujanja" tukimaanisha kwamba tumeishiwa njia, wala hakuna anayetushuku kwamba tulikuwa tumepanga kumwibia mtu. Sungura wa hadithi, aliporudi kwake akaona nyayo za simba zikiingia ndani na hazitoki, alisimama mbali akaita, "Nyumba yangu, hujambo?" Kimya. Akajifanya kushangaa kwamba leo nyumba haimwitikii kama ilivyozoea, mpaka simba, kwa kuogopa kugundulika, akaitikia mwenyewe. Huo ndio ujanja ninaouheshimu, kwa sababu mnyonge alidanganya ili asiliwe. Simba naye (jambo hili hatulitaji sana tunaposimulia) alikuwa amejificha ili adanganye, lakini yeye hatumwiti mjanja. Kitendo chake kinastahili kuitwa hila, neno ambalo halina utani ndani yake: ukisema fulani ana hila, hakuna atakayedhani kwamba unazisifu akili zake.

Kwa hiyo maneno tunayo, na ya kutosha: hila, hadaa, ghiliba, ulaghai, utapeli. Tunayakwepa kwa sababu ni mazito, na kwa sababu mtu akiitwa mjanja hatulazimiki kumchukulia hatua yoyote.

Nilimjibu rafiki yangu kwamba mtu yule hakunizidi ujanja, amenidhulumu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama tuliandikishana.